Jibu kwa Bahari Ileile

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimefundishwa ushairi kana kwamba sheria hizo zilizaliwa siku kitabu kilipotoka mtamboni. Lawama si za Sheikh Amri. Alikuwa mshairi miongoni mwa washairi, na aliyoyaandika kuhusu vina, mizani, beti na utoshelevu ni mambo aliyoyakuta yakitumika na watu waliokuwa wakitungiana kabla yeye hajazaliwa. Kitabu kilipotoka, gazeti la Mambo Leo lilikuwa na umri wa miaka 31, na kurasa zake zilikuwa zimeshapokea mashairi ya makarani, walimu na wafanyakazi wa kila aina, watu ambao hawakusomea utunzi popote. Hata hivyo walikuwa wakihesabu mizani zao sawasawa. Nani aliwafunza? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba walifunzana wenyewe kwa wenyewe, na kilichowafunza kuliko kitabu chochote ni desturi ya kujibiwa. Shairi la Kiswahili limeishi na umbo lake karne kwa karne kwa sababu lilitungwa likijua kuwa kuna mtu atalirudisha, na kulirudisha kwenyewe kuna masharti.

Tuangalie masharti hayo. Anayeanzisha jambo ana uhuru wote: huchagua bahari, huchagua vina, huchagua kibwagizo. Anayejibu hana uhuru huo. Likija shairi la mishororo minne kwa ubeti, mizani nane ukwapi na nane utao, jibu hutarajiwa lije vivyo hivyo, na wajuzi hufurahi zaidi likichukua hata vina vya mwenzake, au likikinyakua kibwagizo chake na kukigeuza kimuumbue mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na hoja nzito kuliko mpinzani, lakini akipungukiwa mizani mbili katika mshororo wa tatu, hoja yake haitasikilizwa. Watu watacheka kwanza, na mpinzani atarudi na ubeti mzima kuhusu mshororo huo uliochechemea. Darasani mwanafunzi hukosolewa na mwalimu mmoja. Kwenye majibizano hukosolewa na kila anayejua kuhesabu. Ndiyo maana mtunzi wa kujitolea, asiye na cheo wala malipo, alijifunza haraka kuliko tunavyodhani. Desturi yenyewe ina mizizi mirefu. Katika ngoma ya gungu, malenga mmoja alifumba na mwingine akafumbua kwa wimbo. Katika takhmisa, mtunzi huchukua mishororo ya mtu mwingine na kuiongezea ya kwake mpaka kila ubeti utimie mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mtunzi wa Al-Inkishafi, ni mazungumzo na mshairi aliyekufa zamani, na haiwezekani kuyafanya bila kuusikiliza kila mshororo wake mpaka mwisho.

Ushahidi wa wazi kabisa unatoka kwenye siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Lamu ilipigana na Mombasa na Pate katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Kuduhu, karibu na Shela. Kabla ya silaha na baada yake, miji hiyo ilitumiana mashairi. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya katika kitabu Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kilichotoka mwaka 1995, na anayekisoma anaona viongozi wakitishana, wakidhihakiana na kupimana nguvu kwa mafumbo, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu akiwa miongoni mwao. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, aliyewatetea watawala wake wa ukoo wa Mazrui dhidi ya Sayyid Said wa Oman mpaka Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Sayyid mwaka 1837. Wengi humsoma Muyaka leo kama mtu anayezungumza peke yake, na hapo ndipo tunapomkosea. Sehemu kubwa ya tungo zake ina mtu upande wa pili: adui, rafiki, mwanamke, mdeni, mji mzima. Ukimwondoa huyo wa pili, beti nyingi hubaki mafumbo yasiyofumbuka, na wahariri wanalazimika kuandika maelezo marefu chini ya ukurasa kueleza jambo ambalo msikilizaji wa Mvita alilijua kabla mshairi hajafungua kinywa. Kisiwani Pemba, karne hiyohiyo na hadi mwanzoni mwa iliyofuata, Kamange na Sarahani walishindana kwa namna hiyo bila vita yoyote kuwapo. Mmoja alielekea zaidi kwenye mapenzi na anasa, mwingine kwenye dini, na kila mmoja alimnoa mwenzake.

Patakuwa na wa kusema kwamba hao walikuwa malenga, watu wa kipaji na heshima mjini, na kwamba haifai kuwaweka kundi moja na karani wa posta aliyetuma beti tano gazetini. Tofauti ya kipaji ipo, wala sina haja ya kuificha. Lakini malenga wa zamani naye hakuwa na idhini ya taasisi yoyote. Umalenga wake ulitokana na kukubaliwa na waliomsikiliza na hasa na waliojaribu kumjibu wakashindwa. Karani wa posta alikuwa anaomba kukubaliwa kulekule, kwa njia ileile, ila mbele ya hadhira ambayo hataiona kamwe.

Hadhira hiyo ililetwa na uchapaji. Magazeti ya Kiswahili ya wakati wa Wajerumani, Kiongozi la Tanga likiwa maarufu zaidi, yalikuwa yameshaanza kuchapa tungo. Mambo Leo, lililoanza Januari 1923 Dar es Salaam chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza, ndilo lililoufanya ushairi kuwa jambo la nchi nzima. Lilisafiri kwa posta na kwa reli, na reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Kwa hiyo mtu wa Ujiji aliweza kumpinga mtu wa Lindi bila wawili hao kuonana maishani. Mabadiliko haya yalizaa adabu mpya. Mshairi alianza kwa kumpigia hodi mhariri na kumwomba nafasi, akaeleza jambo lake, kisha katika beti kaditama akataja jina na mji, au lakabu aliyojichagulia. Lakabu hizo zingefaa kuandikiwa makala peke yake. Mmoja wa watunzi waliojulikana sana alijiita Snow-White, na hakuna aliyeona ajabu. Mji ulitajwa ili jibu lijue linakokwenda. Kungoja toleo lijalo, mwezi mzima, kulimpa mjibuji muda wa kuhesabu, kufuta na kuhesabu tena, nafasi ambayo malenga wa gungu hakuwa nayo.

Waliyobishania yanatuonyesha walikuwa nani. Katika miaka ya 1940 na 1950 wasomaji walijibizana kwa barua na kwa mashairi kuhusu dansi: je, ni ustaarabu au ni upotovu? Walijibizana kuhusu mavazi, ndoa, mahari, elimu ya wasichana, tabia za vijana wa mjini. Ni mambo ya watu waliokuwa wakijijenga upya katika miji mipya, wenye mshahara mdogo na heshima kubwa ya kalamu. Shaaban Robert, karani wa forodha kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wao kabla hajawa jina la shuleni. Mathias Mnyampala ni ushahidi mzito zaidi kwa hoja yangu, kwa kuwa alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mkristo, mtu ambaye hakurithi gungu wala takhmisa kutoka kwa babu yake. Shairi la pwani lilimfikia likiwa na kanuni zake, naye akazimudu kiasi cha kuwa kiongozi wa washairi wa taifa. Kama kanuni zingekuwa siri ya nyumba chache za Mvita na Lamu, jambo hilo lisingewezekana. Iliwezekana kujifunza kanuni hizo kwa sababu kila mwezi zilikuwa wazi mbele ya macho, zikitumika, zikivunjwa na waliozivunja wakisutwa.

Pingamizi la nguvu hapa ni lile linalomtazama mhariri. Mambo Leo lilikuwa la serikali ya kikoloni. Mhariri ndiye aliyechagua kipi kichapwe, na shairi lisilo na vina huenda halikuvuka meza yake. Kwa nini basi tusiseme kuwa mwalimu alikuwa ofisi ile, si wasomaji? Nakubali nusu. Mhariri alikuwa bawabu, na siasa ya waziwazi ilizuiwa mlangoni, ndiyo maana waliotaka kusema zaidi walirudia fumbo la wazee wao. Lakini bawabu hakuitunga desturi aliyoikuta mlangoni. Muyaka alikufa yapata 1840, zaidi ya miaka 80 kabla ya toleo la kwanza, na tarbia yake, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, ndiyo iliyokuwa ikiletwa na wasomaji. Kosa la gazeti liko mahali pengine, na ni kosa lililotugharimu. Ukurasa ulipenda umbo moja: ubeti wa mishororo minne, mizani 16. Bahari nyingine ambazo Ibrahim Noor Shariff alizieleza katika Tungo Zetu mwaka 1988, kama vile wawe, kimai, ukawafi, utumbuizo na wajiwaji, hazikupata makao gazetini. Nyingine zilihitaji sauti na ngoma, nyingine zilikuwa ndefu mno kwa safu ya gazeti. Kadiri washairi wa magazetini walivyojibizana kwa tarbia, ndivyo tarbia ilivyoonekana kuwa ndiyo shairi lenyewe, na Sheikh Amri alipoandika sheria zake aliandika zaidi sheria za umbo lililoshinda. Majibizano yalihifadhi kanuni na yakaupunguza uwanja wake kwa wakati mmoja. Kuna upungufu mwingine pia. Ukurasa huo ulikuwa wa wanaume kwa sehemu kubwa sana. Wanawake wa Unguja na Mombasa walijibizana kwa ukali usiopungua kwenye taarabu na lelemama, vikundi hasimu vikitupiana maneno kwa nyimbo, ila hakuna gazeti lililowafungulia safu.

Baada ya uhuru likaja jaribio la kuigeuza desturi hii kuwa chombo cha dola. Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wautangaze ujamaa kwa tungo zao, na chama cha washairi cha UKUTA, Mnyampala akiwa kinara, kikaitikia kwa ngonjera. Kwa sura, ngonjera ni majibizano: watu wawili au zaidi wanapishana kwa beti, mmoja akihoji, mwingine akieleza. Kwa kazi, naona ni kinyume chake. Pande zote zimeandikwa na mtu mmoja, na tangu ubeti wa kwanza inajulikana kwamba mjinga atakubali na mwerevu atashinda. Hakuna anayeweza kupungukiwa mizani mbele ya adui kwa kuwa adui hayupo. Watetezi wa ngonjera husema iliwafikisha watoto wengi wa shule kwenye ushairi, na ni kweli. Maelfu waliwahi kusimama jukwaani wakikariri. Walifunzwa kughani. Kutunga chini ya shinikizo la jibu hawakufunzwa, na nadhani hii ni sababu mojawapo ya ngonjera nyingi kusahauliwa mara tu mgeni rasmi alipoondoka. Mtu anaweza kunibana kwa Abdilatif Abdalla: je, naye hakuandika pande zote mbili katika Mnazi: Vuta N'kuvute, ndugu wawili wakigombania mti? Aliandika, tena akiwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972, kwa kosa la kuandika Kenya: Twendapi?, mahali ambapo hakuwa na mtu wa kumjibu. Lakini lisome shairi hilo katika Sauti ya Dhiki uone: kila ndugu amepewa hoja inayouma, na msomaji halazimishwi kumpigia makofi mmoja tangu mwanzo. Aliyelelewa katika majibizano aliweza kumbeba mpinzani wake kichwani hata ndani ya seli, na akamtendea haki.

Miaka hiyohiyo ukazuka mgogoro wa vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi huru, na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakaeleza katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, 1979, kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Wanamapokeo wakaja juu. Jumanne Mayoka aliandika kitabu kizima, Mgogoro wa Ushairi, kilichotoka 1984. Hoja ya upande mpya ilikuwa na uzito: umbo linaweza kuwa gereza la fikra, na magazetini kulikuwa na mashairi chungu nzima yaliyotimiza mizani 16 bila kusema lolote. Hayo ya pili hakuna mkweli atakayeyakana. Kuhusu gereza nina neno. Umbo la kudumu lilikuwa pia uwanja ambao wageni wawili wangeweza kukutana bila kutambulishwa. Shairi huru la Kezilahabi ni kazi ya nafsi moja, lenye mwendo wake lenyewe. Linaweza kusifiwa, kuchambuliwa na kufundishwa, ila ni vigumu kulijibu kwa shairi, maana halimwachii mjibuji kipimo cha kushika. Sishangai kwamba lilistawi katika vyuo vikuu na vitabu, na kwamba kurasa za wasomaji, Tanzania kwenye magazeti kama Uhuru na Mzalendo na Kenya kwenye Taifa Leo, zilibaki na vina. Wahariri hawakuwa wakaidi kiasi hicho. Wasomaji walitaka kitu cha kurudishiana. Na ukitaka kucheka kidogo, tazama jinsi mgogoro wenyewe ulivyoendeshwa: kambi mbili zilizobishana miaka mingi juu ya umbo la shairi zilibishana zaidi kwa nathari.

Vyombo vimebadilika tena na tena tangu hapo, na kila mara desturi imehamia humo bila kuomba ruhusa. Redio ilizisomea nchi mashairi ya wasikilizaji. Malenga Wetu ya Radio Tanzania ilikuwa na wafuasi wake. Lamu katikati ya miaka ya 1970 kanda za kaseti zilifanya kazi ambayo gazeti halikuweza, yaani kurudisha sauti ya mghani. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mwoka mikate wa mji huo, alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974, ukasambaa kwa kaseti nyumba kwa nyumba. Ubishi wa uchaguzi mjini hapo uliendeshwa kwa mashairi ya kimondo yaliyorekodiwa na kujibiwa vivyo hivyo. Leo tungo za Mahmoud Mau huyohuyo husikika kwenye simu, na makundi ya watunzi yanawaunganisha watu wa Mombasa, Unguja, Muscat na London ambao zamani wangengoja meli. Wapo wanaolalamika kwamba simu imeshusha kiwango, kwamba kila mtu sasa ni mshairi na hakuna mhariri wa kuchuja. Malalamiko hayo ni ya zamani kuliko simu. Anayetupia kundi ubeti wenye mshororo wa mizani 15 atarudishiwa kabla ya chai kupoa, tena kwa ubeti uliotimia; mchujo upo, umerudi tu mikononi mwa wenzake, ulikokuwa kabla ya 1923.

Hatari ninayoiona haihusu ubora, inahusu kumbukumbu. Utaratibu wetu wa kuhifadhi umezoea mtu mmoja mmoja. Tungo za Muyaka zilitufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor, zikachapwa na William Hichens mwaka 1940 kama Diwani ya Muyaka, na walioongea naye wamebaki wachache katika maelezo ya chini. Mashairi ya Mambo Leo, vitabu vilivyochapwa London mwaka 1946, viliteua shairi hili na lile kwa ajili ya wasomaji na wanafunzi, na mtu akitaka kufuata ubishi tangu hodi ya kwanza mpaka kaditama ya mwisho hana budi kurudi kwenye matoleo yenyewe yaliyotawanyika maktabani. Kale ya Washairi wa Pemba, ambacho Abdilatif Abdalla alikihariri na Mkuki na Nyota wakakitoa mwaka 2011 kutokana na mkusanyo wa Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, kinaonyesha kwamba kuwaweka Kamange na Sarahani ndani ya jalada moja kunawezekana, na kwamba kila mmoja anaeleweka zaidi akisomwa karibu na mwenzake. Makundi ya simu nayo hayana hata rafu za maktaba: simu ikiibiwa au mwenye kundi akilifunga, ubishi wa miaka mitatu umekwenda. Kwa hiyo wachapishaji wa diwani wanaombwa wachape na majibu, hata yale yaliyomshinda mwenye diwani. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa kutosha kuyapitia matoleo ya Mambo Leo, Uhuru na Taifa Leo na kuyapanga mashairi kwa ubishi badala ya kwa mtunzi. Na wewe uliye ndani ya kundi la watunzi, nakili majibizano yenu kwa mpangilio wake, na tarehe, na jina au lakabu ya kila aliyejibu, kabla simu hiyo haijaharibika.